Kigongo–Busisi: Kurasa za Shajara

9 Desemba 2019, Sengerema

Juzi Rais Magufuli ameweka jiwe la msingi Kigongo. Daraja la kilomita kama 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, upana mita 28.45. Walimu wenzangu wamebishana sana. Wa historia anasema pesa hizo zingenunua vivuko vya kutosha. Anasema hivyo kwa sababu hasafiri.

14 Agosti 2021

Foleni ya kivuko Kigongo. Mbele yetu ambulensi. Inapewa kipaumbele, ndiyo, lakini kipaumbele hakikileti kivuko kilichoko Busisi, ng'ambo ya pili. Ndugu wa mgonjwa ameshuka, anatazama maji tu.

Nimejisogeza kuangalia mafundi. Bomba nene la chuma limesimamishwa ziwani, tope ndani limechimbwa, kisha winchi inashusha kizimba cha nondo. Zege linapitishwa kwenye bomba jembamba hadi chini kabisa, nalo likipanda linayasukuma maji juu. Kijana wa mahindi ya kuchoma haamini zege litaganda humo. Nimemweleza kwamba zege haligandi kwa kukauka. Saruji inayahitaji hayo maji. Kanipunguzia bei ya hindi, sijui kwa kuelimika au kwa kunihurumia.

3 Juni 2023

Leo kidato cha tatu tumesoma momenti na nimelitumia daraja. Kutoka kwenye kila mnara, sitaha inajengwa kwenda pande mbili kwa wakati mmoja, kipande kwa kipande, bila nguzo ya kuishikilia mbele. Uzito wa kushoto na wa kulia sharti ukaribiane, kama vikapu viwili kwenye mzega. Wamenielewa haraka kuliko siku zote nilizochora rula ubaoni.

Binti mmoja akauliza: “Mwalimu, mbona minara ni mifupi? Ya daraja la Kigamboni ni mirefu.” Swali zuri hilo! Kigamboni nyaya zinashuka kutoka minarani kwa mwinamo mkali, kazi yake ni kuinua sitaha. Hapa, kwa kuwa minara ni mifupi, zimelala, zinainua kidogo, na nguvu yake kubwa inakwenda kuibana sitaha kwa ulalo. Zege linastahimili sana kubanwa, ila likivutwa linapasuka upesi. Basi sitaha yenyewe imefanywa nene, ibebe sehemu kubwa ya mzigo. Kwa macho yangu si daraja la kupendeza sana kwa mbali. Nalipenda kwa hesabu zake.

20 Juni 2025

Jana Rais Samia amelizindua daraja. Zaidi ya shilingi bilioni 700, na jina ni la Magufuli, aliyefariki Machi 2021 kazi ikiendelea. Nimevuka kwa basi. Dakika chache tu, abiria wa nyuma hata simu hajamaliza kuongea.

Kule kivukoni mama mmoja muuza sato wa kukaanga kaniuliza, “Mwalimu, sasa magari yatasimama wapi?” Foleni ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Sikuwa na jibu la maana. Mama mwenyewe alishatembea hadi barabara mpya kuulizia kodi ya kibanda, na wenye viwanja wameshapandisha.