Taa za udongo, mafuta ya alizeti

Ukishuka basi Singida mjini, kabla hujaona hata mawe makubwa wala Ziwa Singidani, utaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya barabara. Ni mkoa wa alizeti huu. Mimi dumu langu hununua siku ya kuondoka. Safari hii nililihitaji siku ya kwanza.

Nilikuwa nimekwenda kwa dada yangu. Binti yake ana miaka tisa na kovu linalotoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Koroboi ilimpindukia alipokuwa na miaka minne. Tangu hapo hashiki kiberiti, na umeme ukikatika analia.

Nilikumbuka taa nilizoziona Dar es Salaam nikiwa chuo, kwenye mahekalu ya Wahindu ya Mtaa wa Kisutu. Ni vibakuli vya udongo vinavyoenea kiganjani, vimebinywa upande mmoja pawe na mdomo wa kulazia utambi. Wenyewe huita diya. Sikukuu ya Diwali, ambayo huangukia Oktoba au Novemba usiku usio na mwezi, huzipanga mlangoni. Jina lenyewe maana yake ni safu ya taa. Hekaluni taa huzungushwa mbele ya sanamu, kisha waumini hupitisha viganja juu ya joto lake na kujigusa usoni.

“Hawaungui, mama mdogo?” aliuliza.

“Hawagusi moto. Wanapokea joto.”

Mama mkwe wa dada alitaka kujua kama tunabadili dini. Hapana, mama, nikamwambia, tunajifunza majirani zetu wanavyowasha taa. Nawe mzazi mwambie mtoto wazi kwamba kwa wenyewe hii ni ibada.

Tulinunua udongo kwa mama mmoja mfinyanzi. Finyanga donge la ukubwa wa limau, libonyeze katikati kwa kidole gumba, binya mdomo. Anika kivulini siku mbili tatu, juani litapasuka. Yule mama alituchomea pamoja na vyungu vyake. Kabla ya kuwasha, loweka taa majini saa moja ili isinywe mafuta, ikaushe, tia alizeti kidogo, sokota pamba iwe utambi.

Kwa nini si mafuta ya taa? Hayo hutoa mvuke unaodaka moto upesi, na yakimwagika moto huyafuata. Alizeti huhitaji joto kali mno, hivyo huwaka kwenye utambi tu. Lakini mafuta ya moto ni mafuta ya moto. Awashe mtu mzima, taa iwe sakafuni juu ya sahani ya bati, mbali na pazia na ncha za khanga, wala asiondoke mtu. Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala asali. Ukiwa uso, mkono au kiungo, nenda hospitali.

Jioni ya mwisho dada aliwasha taa tano barazani. Binti alikaa mbali, mgongo ukutani. Baadaye akasogea, akainua ule mkono wenye kovu, juu kabisa, akautuliza hapo.

Saa ya kulala, dada akaanza kuzizima.

“Yangu bado,” akasema.