Ramani ya simu na njia zetu za mguu



Siku hizi mama mwenye mtoto anayeanza shule ng'ambo ya kilima anaambiwa na vijana wa nyumbani: «Mama, angalia kwenye ramani ya simu.» Wengi mmeniuliza kama ramani hiyo inaaminika. Nitasema juu ya njia za mguu tu. Motari anajua njia zake.

Mji wa Butembo umekaa juu ya vilima. Kati ya kilima na kilima kuna bonde, na bondeni kuna kijito, shamba la maharage au mikaratusi. Gari linazunguka mbali. Mama mwenye beseni kichwani anakata bondeni. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kugusa alama ya mtu anayetembea. Ukiacha alama ya gari, simu itakuzungusha kwenye vumbi la barabara kubwa bure.

Lakini vijia hivyo viliingiaje kwenye simu? Mnakumbuka Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa kwetu. Ilikaa mpaka Juni 2020, ikaua watu 2,287. Timu za afya zilitafuta nyumba zisizo na namba, maana sisi tunaelekeza kwa kusema «nyuma ya kanisa, chini ya mashine ya kusagia». Basi wajitolea wa OpenStreetMap, ramani ya wote iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, walikaa mbele ya kompyuta katika nchi za mbali, wakachora nyumba na njia zetu kwa kutazama picha za satelaiti. Walifanya kazi nzuri. Lakini jicho la juu linaona mstari tu. Halioni kwamba daraja ni miti miwili iliyolazwa juu ya maji, wala kwamba kijia kinapita katikati ya uwanja wa mtu mwenye mbwa. Na chini ya miti halioni kitu.

Tena kuna saa. Simu ikikuambia kilometa 2 ni dakika 24, imehesabu kilometa 5 kwa saa, mwendo wa mtu mikono mitupu mahali pa tambarare. Mskoti mmoja aitwaye Naismith, mpenda milima, aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo mpaka leo inatumika: kwa kila mita 100 za kupanda, ongeza dakika 10. Kwa hiyo kilometa 2 zenye mpando huo ni dakika 34. Programu nyingine zinahesabu mlima, nyingine hazihesabu. Na Naismith hakubeba mtoto mgongoni na bidoni ya maji! Mimi ninawaambia wazazi wa darasa langu: tembea na mtoto siku moja kabla ya masomo kuanza, kwa hatua zake yeye, uangalie saa. Mkifika kwenye kijito, mwulize mama anayefua pale maji yanafika wapi mvua ikinyesha. Jibu lake haliko kwenye simu yoyote.

Beni ni chini zaidi kuliko Butembo, miguu haichoki sana, ila shida yake ni nyingine. Kijia kinachoelekea mashamba ya kakao kinaonekana kwenye ramani leo kama kilivyoonekana kabla ya Oktoba 2014, mauaji yalipoanza. Ramani haibadiliki rangi watu wanapokimbia kijiji. Kwa njia ya shamba, usimfuate mshale wa simu hata kama unafupisha nusu saa. Uliza chefu wa avenyu, uliza wanaotoka huko asubuhi hiyo. Na ukikaribia bariere, weka simu ndani ya kitenge. Mtu anayetazama ramani mbele ya askari atapata maswali mengi, na saa yenyewe itapita.

Kuhusu mega: si lazima kuzimaliza. OsmAnd na Organic Maps zinakubali upakue ramani mara moja, mahali penye mtandao mzuri, kisha uitumie bila intaneti. Simu inajua ulipo kwa satelaiti. Ila inakula betri, na kwetu umeme mnaujua.

Jambo moja naona ni letu sisi wamama. Ramani ya OpenStreetMap inakubali mtu yeyote aandike kitu kinachokosekana: maternite, bomba la maji, daraja lililoanguka. Vijana wanaandika kwanza baa na mahali pa kutazama mpira, kwa sababu huko ndiko wanakoenda. Jumapili baada ya misa, kijana mmoja mwenye simu akae na wamama watatu wa kila mtaa, wamtajie madaraja ya kwenda shuleni: lipi ni la mbao, lipi linafunikwa Oktoba na Novemba, na jina tunaloliita sisi.