Mashine Iliyosafiri na Fundi Wake

Kuna mashine moja ya fizikia ambayo nimeiwazia miaka mingi, ingawa sijapata kuigusa. Kazi yake ni kuchukua gesi ya deuteri, yaani haidrojeni nzito, kuipasha moto hata igeuke plazma, na kuibana mpaka baadhi ya viini vya atomu zake viungane. Jua nalo huwaka kwa kuunganisha viini. Mataifa tajiri yamejenga mitambo mikubwa kwa ajili hiyo. Ule wa Culham, Uingereza, ulioitwa JET, ulifanya kazi tangu 1983 hadi Desemba 2023, na mwingine mkubwa zaidi unajengwa kusini mwa Ufaransa. Hii ninayoisema inaenea katika chumba cha kawaida cha maabara, na ilibuniwa makusudi kwa ajili ya nchi zisizo na fedha.

Aliyeibuni ni Profesa Sing Lee wa Chuo Kikuu cha Malaya, mjini Kuala Lumpur. Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kiligharimia mafunzo huko, na kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964, kikaunga mkono. Walikwenda wanafizikia kutoka nchi za Asia na Afrika, zikiwamo Pakistan, Indonesia, Misri, Nigeria na Sierra Leone. Hawakwenda kutazama. Kwa miezi sita walizijenga mashine wenyewe, wakazijaribu, wakaziharibu na kuzitengeneza, kisha kila mmoja akarudi kwao na mashine anayoijua kila msumari wake. Tanzania haikuwamo katika kundi lile la kwanza, jambo linaloniuma kidogo kila ninapolikumbuka.

Hebu tuitazame ilivyo. Kuna kapasita moja nzito inayojazwa umeme hadi volti 15,000. Kuna chemba ya chuma ambayo pampu huiondolea hewa yote, kisha hutiwa deuteri kidogo sana. Ndani ya chemba imesimama fimbo ya shaba yenye urefu wa sentimita 16, imezungukwa na fimbo nyingine sita, na chini yake imevikwa mrija wa kioo uwe kihami. Swichi ya cheche ikifyatuka, umeme hutambaa kwanza juu ya kile kioo, gesi ikawa plazma, na plazma hiyo ikasukumwa juu kandokando ya shaba kwa muda wa kama sehemu tatu za milioni za sekunde. Ikifika kileleni hujikunja na kujibana katika uzi mwembamba, na hapo, kwa kitambo kisichohesabika kwa jicho, viini huungana na nyutroni zipatazo milioni 100 huruka nje. Basi, imekwisha.

Nishati iliyotumika yote ni jouli 3,000 na ushei. Ukiitia katika kikombe cha maji, maji yatapanda joto nyuzi nne tu, hata chai huwezi kupika. Lakini kwa kuwa imetoka kwa haraka namna ile, katika kitambo hicho nguvu yake hufika mamia ya megawati. Mtambo wa maporomoko ya Rusumo, katika mto Kagera huu huu upitao mipakani mwetu, ni wa megawati 80, nazo zinagawanywa kwa nchi tatu.

Mwanafunzi akisikia hayo hushangilia ule mlipuko. Mimi nilivutwa na mambo mengine, yale ya kuilea mashine. Kile kioo cha chini, kwa mfano, hupakwa shaba taratibu kila mara umeme unapopita, na ukikiacha kichafuke mno plazma huanza vibaya na nyutroni hupungua. Kwa hiyo kisafishe? Ndiyo, lakini kioo kilichosafishwa sana nacho hakifai siku hiyo hiyo. Inabidi ufyatue mara kadhaa bila kutegemea lolote, mpaka kizoee, kama vile chungu kipya kisivyopikiwa mboga kabla hakijachemshiwa maji. Gesi nayo huchafuka baada ya mifyatuo michache, ikabidi kuitoa na kutia nyingine. Mafuta ya pampu hubadilishwa. Mpira mmoja ukipasuka, hewa ya chumbani hupenya, na utashinda siku nzima ukitafuta pahali panapovuja. Na kabla mkono haujagusa chochote, kapasita lazima ikatishwe kwa fimbo yenye waya wa ardhini, kwa maana chaji inayobaki ndani yake inaua.

Mambo haya hayamo katika vitabu vya kiada. Yamo mikononi mwa mtu.

Katika shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, tulipokea masanduku ya vifaa vya maabara, vizuri kabisa. Osiloskopu ilifanya kazi muhula mmoja. Fyuzi ikaungua. Hakuna aliyejua ni fyuzi ya namna gani, karatasi ya maelezo ilikuwa ya lugha tusiyoisoma, na kifaa kile kikageuka pahali pa kuegemeza ramani. Aliyekitoa hakuwa na nia mbaya. Ila alituletea kifaa bila mtu wake.

Huku kwetu Karagwe chuma kiliyeyushwa na kufuliwa kabla Speke hajafika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861. Wazee wa Rugera walipotaja mivukuto, sisi watoto tulisikia kama hadithi. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya, upande wa Bukoba, wajenge tena tanuri la jadi, na mwaka 1978 matokeo yakachapishwa huko Marekani: joto la ajabu, na chuma kizuri. Watu wengi hupenda kuitaja sehemu hiyo ya habari. Mimi hukumbuka kwamba wazee wale hawakufaulu mara moja. Walikuwa wameiacha kazi hiyo kwa miongo mingi, chuma cha dukani kilipokuwa kimewashinda kwa bei, na ikawabidi wajaribu na kukosea kabla mikono haijakumbuka. Udongo ulikuwapo, makaa yalikuwapo, mawe ya chuma yalikuwapo. Kilichokaribia kupotea ni ule ujuzi wa wapi mrija wa udongo uingie na moto ulishwe nini.

Nilipomweleza kijana mmoja wa kidato cha sita habari za mashine ya Kuala Lumpur, aliniuliza, "Mwalimu, na sisi tutaletewa lini?" Nikamwuliza ni nani atakayebadilisha mafuta ya pampu. Alicheka, akadhani ninamtania. Wiki iliyofuata alirudi na daftari. Alikuwa amechora chemba, fimbo saba na kapasita, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, ameandika orodha ya vitu vitakavyochakaa kwanza. Kioo kilikuwa namba moja. Akataka kujua kama mrija wa namna ile hupatikana Mwanza, au itabidi tujifunze kuuchonga.