Reli Nyembamba ya Mlima Alishan

Katika kisiwa cha Taiwan iko reli ambayo upana wake ni futi 2 na inchi 6 tu, nyembamba hata kuliko ile ya mita 1 iliyojengwa zamani kutoka Mombasa. Wajapani, waliokitawala kisiwa hicho tangu 1895 hadi 1945, waliifungua mwaka 1912 ili kuteremsha magogo ya saipresi, miti iliyosimama zaidi ya miaka 1,000.

Kutoka mji wa Chiayi gari la moshi hupanda zaidi ya mita 2,000. Penye kilima cha Dulishan huzunguka mara tatu, kama nyoka apandaye mti. Mbele zaidi nafasi ya kuzunguka haipo, basi huenda mbele, husimama, hurudi kinyumenyume, na bado linapanda! Injini zake za kale zilitoka Marekani, kwa ubunifu wa Ephraim Shay: za polepole, lakini kila gurudumu lilisukuma.

Mti mmoja mkubwa kando ya njia, ulioheshimiwa kuwa mtakatifu, haukukatwa. Radi iliupiga mwaka 1956, ukalazwa chini mwaka 1998. Siku hizi gari halichukui magogo, ila watalii waendao kuitazama miti ya kale iliyosalia.