Anajua, lakini nani amempima?

Jumapili moja Novemba mwaka jana mama alinipigia simu nikiwa Kibaha. "Njoo uongee na mdogo wako. Karudi nyumbani, anasema darasani hafundishwi kitu." Nikabadili daladala mara mbili, nikapanda vilima vya Pugu hadi Kisarawe.

Mdogo wangu anasoma kompyuta, mwaka wa kwanza chuo kikuu. Alianza kuandika programu akiwa kidato cha tatu, kwa simu ya mama, kisha kwa kompyuta mpakato ya mtumba niliyomnunulia. Duka la dawa la jirani yetu linatumia programu yake, aliyoiandika kwa Python, kujua dawa zipi zinakaribia kuisha muda. Mimi ninayeandika habari za afya nilijivunia kuliko yeye. Sasa alikuwa anafundishwa namna ya kuifanya kompyuta iandike jina lake kwenye skrini.

Aliomba apewe mtihani, akifaulu asamehewe somo hilo. Akajibiwa kwamba anayesamehewa ni aliyelisoma chuo kingine kinachotambulika, akiwa na matokeo mkononi. Nikamtajia mtihani wa TCU wa kutambua ujuzi wa awali. "Huo ni wa kuingilia chuo, dada. Mimi nimeshaingia." Kwa hasira akaacha kuhudhuria, na alama 40 kati ya 100 hutoka kwenye kazi za darasani.

Nilikuwa na hotuba tayari: unachezea ada ya baba. Baba akanizuia.

Baba ni fundi mwashi. Kazi aliijulia kwenye saiti, hakukaa darasani hata siku moja. Miaka kadhaa iliyopita alipimwa katika mpango wa VETA wa urasimishaji ujuzi: akajenga ukuta mbele ya wapimaji, akaulizwa maswali, akapata cheti.

"Ukuta haukunisumbua," alisema. "Kusoma ramani ndiko kulikonitoa jasho. Miaka yote hiyo najenga, sikujua kama sijui." Akamgeukia mdogo wangu. "Wewe mwanangu, nani amekupima?"

Hakujibu. Jumatatu alirudi chuoni, akamwomba mwalimu karatasi ya mtihani wa mwaka uliotangulia, aujaribu tu. Aliufanya kwa kalamu, bila kompyuta. Alipata 23 kati ya 60. Alizoea mashine imwonyeshe kosa. Hapa alitakiwa afuate hatua moja moja kichwani na kuandika jibu litakalotoka. Tena maswali mengine yalikuwa ya lugha ya C, ambayo hakuwahi kuigusa. Alinitumia picha ya karatasi ile WhatsApp, bila neno.

Akarudi darasani. Jaribio moja lilishampita na hakurudishiwa. Mwishoni alipata B+.

Bado anasema chuo kingepaswa kuwa na mtihani wa namna hiyo, nami nakubaliana naye. Angeufanya wiki ya kwanza, akajua mapema pengo lake liko wapi. Na yupo mwanafunzi mwingine ambaye angefaulu kweli, akautumia muda huo kwa somo jingine.

Mimi nilitoka Kibaha kwenda kumgombeza. Safari nzima sikufikiria kumwuliza anajua nini. Baba aliuliza, kwa sababu naye aliwahi kuulizwa.