Kuzunguka Nakivale: Breki Kwanza, Injini Baadaye

Mwezi huu ukurasa wa safari haukwenda mbali. Tumezunguka hapa hapa Nakivale, tukiangalia njia zetu na pikipiki zinazopita humo. Familia nyingi zinachanga pesa kumnunulia kijana boda iliyokwisha kutumika. Wakifika kwa muuzaji wanasikiliza injini tu. Ikilia vizuri, pesa zinatoka. Mafundi tuliowatembelea wanasema hapana, tuanzie kwenye breki na magurudumu.

Ukitembea utaona kwa nini. Makazi yetu yako wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kandokando ya ziwa Nakivale, na yamepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Yana sehemu tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Kati yake ni vilima, mabonde na barabara ya udongo. Wakati wa kiangazi vumbi linaingia kila mahali. Mvua ya Machi ikifika, vumbi lile linakuwa utelezi. Ukikata kona unakutana na ng'ombe wa Ankole, pembe zimejaza njia nzima. Sasa wewe uko kilomita 40 kwa saa. Mwendo huo ni mita 11 kila sekunde moja. Na nyuma umembeba mama mjamzito anayekwenda kituo cha afya.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, ndiyo maana vijana wetu wanaweza kutafuta riziki kwa boda. Lakini kazi hiyo inashikiliwa na vitu vidogo sana.

Chini ya mti mmoja pale Base Camp tulimkuta baba mmoja ameleta Boxer ya kuangaliwa kabla hajailipia.

“Fundi, washa usikie.”

“Mzee wangu, bado. Kwanza tuinue gurudumu.”

Akaliinua, akalizungusha kwa mkono. Gurudumu zuri linazunguka sawa. Likiyumba kushoto na kulia, rimu imepinda au spoku zimelegea. Kisha akalishika juu na chini, akalitikisa. Likicheza, beringi zimekwisha, na hizo hazirekebishwi, zinabadilishwa. Halafu akachukua spana ndogo, akagonga spoku moja baada ya nyingine. Iliyokaza inalia kwa sauti kali. Iliyolegea inatoa sauti ya kufa, kama kugonga kijiti. Spoku hukazwa polepole, robo ya mzunguko, huku ukitazama rimu. Ukikaza upande mmoja kwa nguvu, unaipinda wewe mwenyewe.

Ndipo akafika kwenye breki. Pikipiki nyingi za hapa zinatumia breki za ngoma. Ndani ya ngoma mna vipande viwili vya nusu duara, breki shuu, vinavyotanuka na kubana ngoma ukikanyaga. Kabla ya kufungua, kanyaga breki na utazame ule mkono mdogo wa nje. Pikipiki nyingi zina alama hapo. Mshale ukipita alama, shuu zimekwisha, na kukaza nati hakusaidii tena. Wauzaji wengine hukaza nati hadi mwisho ili breki ionekane inashika. Kwa hiyo tazama pia uzi uliobaki nyuma ya nati.

Ukifungua ngoma, usipulize lile vumbi kwa mdomo, na watoto wakae mbali. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo inaharibu mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji. Shuu ikiwa imeng'aa tu, isugue kidogo kwa msasa. Ikiwa imelowa oili au grisi, badilisha zote mbili. Kuiosha kwa petroli ni kujidanganya.

Wakati wa kurudisha gurudumu, mafundi wanasisitiza mambo matatu. La kwanza, alama za cheni kushoto na kulia zilingane, la sivyo gurudumu linakaa upande. La pili, kanyaga breki huku unakaza nati ya ekseli, ili shuu zikae katikati. La tatu ni ule mkono wa chuma unaoshika sahani ya breki isizunguke. Nati yake na pini yake zirudi mahali pake. Mkono huo ukichomoka, sahani inazunguka na gurudumu linaweza kujifunga ghafla. Halafu jaribu kwa kusukuma, kisha polepole mahali tambarare, bila abiria.

Wale waliotoka Goma wanaikumbuka chukudu, ambayo breki yake ni kipande cha mpira kinachobanwa juu ya gurudumu la nyuma. Hata yule mwenye chukudu, mzigo wa viazi ukiwa juu, hutazama mpira wake kabla ya kuteremka. Sisi wenye injini tusishindwe na mbao.

Jambo la mwisho tuliliona mteremkoni. Vijana wengine wanazima injini ili kubana mafuta. Vijana wetu, msifanye hivyo. Gia ndogo inasaidia kushikilia mwendo. Ukiacha kazi yote kwa breki, ngoma inapata moto na breki inapungua nguvu mkiwa bado katikati ya kilima. Na ukivuka maji, kanyaga breki kidogo kidogo hadi ikauke.

Yule baba hakununua siku ile. Alimrudia muuzaji na orodha: beringi za nyuma, shuu, spoku nne. Waliketi wakajadiliana upya, wakapunguza bei kwa kiasi cha vipuri hivyo. Boda ilitengenezwa kabla ya kubeba mtu yeyote.

Basi, nyumba inayofikiria kununua, baba, mama na yule kijana atakayeendesha waende pamoja, na fundi wao awe katikati. Mkifika, msiwashe injini kwanza. Inueni gurudumu.