Anayetegemewa Ana Deni

Kwa dereva wa bodaboda ya umeme anayetumia kituo cha kubadilishia betri, kazi ya kuongeza nguvu huisha kabla kikombe cha chai hakijapoa. Anainua kiti, anachomoa betri iliyoishiwa, anaibeba kwa mpini wake hadi kwenye rafu, anapachika nyingine iliyojaa, anatazama asilimia kwenye kioo cha pikipiki, analipa kwa simu, anaondoka. Kama angelazimika kungoja ile ya kwanza ijae, abiria wote wa asubuhi wangebebwa na wenzake.

Biashara hii imeshika mizizi kwetu Afrika Mashariki. Kampuni ya Ampersand ilianza kazi Kigali mwaka 2019, ikaja Nairobi baadaye, na washindani wake wameongezeka. Sababu zinaonekana wazi. Petroli tunaiagiza kutoka ng'ambo, ilhali umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa unatoka hapahapa: mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana, upepo wa Turkana. Isitoshe, betri ndiyo sehemu yenye bei kali zaidi. Kampuni ikibaki na betri na kumuuzia dereva pikipiki tu, mkopo wake unapungua na mlango wa kazi unafunguka kwa vijana wengi.

Kijana anayenibeba mara kwa mara kwenda sokoni aliniambia neno ambalo sijaacha kulitafakari: "Mama, hii betri si yangu, lakini riziki yangu yote iko ndani yake."

Wahenga walisema ahadi ni deni. Mimi naongeza kwamba kukubali kutegemewa nako ni ahadi, hata kama hakuna neno lililotamkwa. Mwenye kituo hamwapii dereva kwamba kesho atamkuta. Lakini dereva ameshachukua mkopo wa pikipiki, ameshaahidi karo, ameshapanga siku yake akiamini betri iliyojaa inamngoja. Imani hiyo ni deni, na deni hulipwa.

Gharama ya deni hilo ilionekana mbali na hapa. Mwaka 2007 Shai Agassi alianzisha kampuni ya Better Place, iliyotaka kuwabadilishia betri wenye magari ya umeme nchini Israeli na Denmark. Fedha zilikuwepo, zaidi ya dola milioni 800. Mitambo nayo ilifanya kazi: gari liliingia kituoni, mashine ikachomoa betri kwa chini na kuweka nyingine kwa takriban dakika tano. Lakini ni aina moja tu ya gari iliyouzwa kwa mpango huo, Renault Fluence Z.E., na magari yaliyonunuliwa hayakufika 1,500. Watu wengi waliegesha magari yao usiku kucha nyumbani, ambako wangeweza kuyachaji polepole, kwa hiyo huduma ile haikuwagusa panapouma. Mei 2013 kampuni iliomba kufilisiwa. Betri zilikuwa mali yake, na wateja walioiamini wakabaki na magari yanayotegemea mtandao uliokuwa unafungwa.

Kwa dereva wa bodaboda hali ni tofauti, maana kwake kila saa ni pesa. Ndiyo maana wazo lililoshindwa kule limepata uhai hapa. Lakini kwa sababu hiyohiyo, likianguka hapa maumivu yatakuwa makubwa zaidi. Mwenye gari wa kule alipoteza starehe, wa kwetu atapoteza chakula cha watoto.

Mimi ni kifungua mimba katika familia kubwa, na kifungua mimba wa kwetu anajua kutegemewa ni nini. Simu ya usiku wa manane huja kwako kwanza. Nikiitazama kazi ya vituo hivi, naona mambo matatu ambayo kila anayetegemewa angefaa kuyashika.

La kwanza ni akiba. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima iliingia gizani. Siku kama hiyo kituo kinachochaji betri pale tu zinapoombwa hakina msaada, bali kile chenye betri zilizokwisha kujaa rafuni bado kinaweza kumwondoa dereva. Akiba haiozi. Ukingoja ndugu yako alie ndipo utafute, utakuwa umechelewa.

La pili ni kupumzika. Betri za lithiamu huzeeka haraka zikipata joto kali, au zikitumiwa kila mara hadi tone la mwisho. Kituo kizuri huzipoza, huzichaji kwa kiasi na kuzitoa kwenye mzunguko zinapochoka. Wako mama, walimu na wauguzi wengi ambao hakuna anayewapa nafasi hiyo, nao wenyewe huona haya kuiomba. Ningependa waambiwe waziwazi kwamba kupumzika ni sehemu ya deni lao. Aliyekwisha hawezi kumwinua mwingine.

La tatu ndilo zito: usimfunge anayekutegemea. Mara nyingi betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya nyingine, hivyo bei ikipanda dereva hana pa kukimbilia. Si lazima iwe hivyo. Kule Taiwan, pikipiki ya Yamaha iliyotoka mwaka 2019 ilitengenezwa itumie betri za Gogoro, kampuni nyingine kabisa. Serikali zetu na wenye kampuni wakae chini wakubaliane viwango mapema, kabla kila mmoja hajajenga ukuta wake. Hata katika familia, msaada unaomnyima mtu njia nyingine umegeuka kuwa kamba. Mdogo wako uliyemsomesha ana haki ya kuchagua kazi usiyoipenda.

Tuzijenge biashara hizi, tena kwa bidii, kwa sababu zinapunguza moshi mitaani na zinawapa vijana kazi. Lakini atakayeshika betri ya mwenzake ajue ameshika riziki yake. Na sisi wengine, tunaoshika ada, dawa, chakula au matumaini ya watu, tujiulize swali lilelile linalomhusu mwenye kituo: nikishindwa kesho, ni nani atakayelala njaa, na leo nimemwekea nini?